Mkono Uliopooza: Mashine Inaweza Nini, na Sisi Tunaweza Nini?



Katika miezi iliyopita mmetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Kamati moja ilituandikia kwamba ina wagonjwa kadhaa wa kiharusi ambao sasa wanatembea, lakini mkono wa upande mmoja umebaki unaning'inia. Wameona kwenye televisheni roboti inayoushika mkono wa mgonjwa na kuufundisha upya, nao wanauliza kama tunaweza kuwatafutia. Mfadhili mmoja naye aliuliza kama mchango wake kwa walemavu unaweza kununua roboti hiyo, au mashine ile nyingine inayochochea ubongo kwa sumaku au umeme.

Maswali haya yanahusu fedha za sadaka na matumaini ya watu, kwa hiyo hayafai kujibiwa kwa haraka. Tumeona vema kuyafanya somo la robo hii. Tunawaomba mlisome katika kikao, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Neno la kuanzia

Someni Injili ya Marko, sura ya 3, mstari wa 1 hadi wa 6, na Luka, sura ya 6, mstari wa 6 hadi wa 11. Ni habari ya mtu mwenye mkono uliopooza aliyekuwa katika sinagogi siku ya Sabato. Luka anaongeza jambo dogo lakini muhimu: ulikuwa mkono wa kuume, yaani kwa watu wengi mkono wa kazi na wa kulia chakula. Yesu alimwita mtu huyo asimame katikati, mbele ya watu wote, kisha akamtaka aunyoshe mkono ule ule uliokuwa hauwezi. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mgonjwa hakuachwa pembeni. Pili, naye alipewa jambo la kufanya.

Hatusemi kwamba asiyepona amekosa imani au bidii. La hasha. Tunasema tu kwamba picha ya mgonjwa anayeitwa katikati na kuombwa kuunyosha mkono wake mwenyewe itatusaidia kuelewa yale ambayo waganga na wahandisi wamejifunza kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kiharusi kinafanya nini kwenye mkono

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Kama sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiamrisha mkono, mkono hupooza ingawa wenyewe hauna jeraha. Njia ya amri ndiyo iliyokatika. Kwa kawaida ubongo wa upande wa kushoto huamrisha mkono wa kulia, na wa kulia huamrisha wa kushoto.

Tatizo hili si la nchi za mbali tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Walipata wagonjwa wapya kama 95 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na kama 108 Dar es Salaam. Hesabu iliporekebishwa ili kulinganisha umri wa watu, kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai. Kwa hesabu ya Hai, parokia yenye watu 10,000 ingetarajia wagonjwa wapya tisa au kumi kila mwaka.

Mara nyingi mguu hurudi kabla ya mkono. Mtu akiweza kuusimamisha mguu uwe kama nguzo, anaweza kujikongoja. Lakini mkono unatakiwa kushika, kuachia, kugeuza ufunguo na kufunga kifungo. Tena mgonjwa ana mkono mwingine mzima. Anautumia huo kwa kila kitu, na ule mgonjwa unazidi kusahauliwa. Mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani alionyesha kwamba sehemu ya ulemavu wa mkono hutokana na mazoea hayo ya kutoutumia, na kwamba mazoea yanaweza kubadilishwa.

Roboti ya mkono

Roboti iliyopimwa zaidi kuliko nyingine inaitwa MIT-Manus. Ilibuniwa na wahandisi Neville Hogan na Hermano Igo Krebs wa chuo cha MIT, Marekani, na ilianza kutumiwa na wagonjwa katika miaka ya 1990. Mgonjwa hukaa mezani, mkono wake ukafungwa kwenye kishikio. Mbele yake kuna kioo chenye alama, naye hujaribu kuisogeza alama hiyo hadi mahali anapoonyeshwa. Akishindwa kuanza, mashine humsaidia. Akiweza, mashine humwachia afanye mwenyewe.

Faida yake kubwa ni kwamba haichoki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulihesabu mazoezi katika vituo vya Marekani na Kanada. Katika vipindi vilivyokuwa na mazoezi ya mkono ya kufanya kazi fulani, mgonjwa alirudia mara 32 tu kwa wastani. Roboti inaweza kumwezesha kurudia mara 1,000 katika kipindi kimoja. Basi watu walitumaini mengi.

Majibu yalipotoka yalikuwa ya kiasi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wanajeshi wastaafu 127 wa Marekani, waliokuwa wamepata kiharusi angalau miezi sita kabla. Walipangwa kwa bahati nasibu, kama kupiga kura: wengine roboti, wengine mazoezi makali ya mtaalamu, wengine huduma ya kawaida. Baada ya wiki 12 roboti haikuwa imewazidi wa huduma ya kawaida kwa kiasi cha kuaminika. Baada ya wiki 36 iliwazidi kidogo, lakini haikuwazidi waliofanyiwa mazoezi makali na binadamu.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019. Wagonjwa walikuwa 770, katika vituo vinne. Kundi la roboti na kundi la mazoezi ya ziada ya mtaalamu walifanya mazoezi dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Waliofikia lengo la kuutumia mkono vizuri zaidi walikuwa asilimia 44 kwa roboti, asilimia 50 kwa mtaalamu, na asilimia 42 kwa huduma ya kawaida. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba zinaweza kuwa za bahati tu. Watafiti wenyewe walisema matokeo hayo hayatoshi kuifanya roboti iwe tiba ya kawaida hospitalini.

Kuna jambo la kujifunza hapo. Waliotumia roboti walipopimwa misuli na viungo walionekana wamepata nafuu fulani. Lakini nafuu hiyo haikufika kwenye kikombe, kifungo na kijiko. Kusogeza alama kwenye kioo si sawa na kumenya ndizi.

Kuchochea ubongo

Njia ya pili haianzi kwenye mkono bali kichwani. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya waya ikiwekwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme wa ghafla hutoa msukumo wa sumaku unaopenya fuvu bila maumivu makubwa, na kidole cha upande wa pili kinashtuka. Njia nyingine hutumia vitambaa viwili vya maji ya chumvi vilivyowekwa kichwani, na umeme hafifu sana ukapitishwa kwa dakika kama 20.

Wazo lake ni hili. Pande mbili za ubongo huzuiana, kama watu wawili wanaovuta kamba. Kiharusi kikidhoofisha upande mmoja, ule mzima huuzidi nguvu. Basi ukiutuliza upande mzima, au ukiuamsha ule mgonjwa, huenda mkono ukajifunza upesi zaidi.

Ni wazo zuri, nalo lilipimwa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 199 walifanya mazoezi ya mkono kwa wiki sita. Wengine walichochewa ubongo kwa sumaku kabla ya mazoezi. Wengine waliwekewa koili isiyofanya kazi hiyo, bila wao kujua. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa walipata nafuu ya maana, na ilikuwa hivyo katika makundi yote mawili. Kilichokuwa sawa kwa makundi hayo ni mazoezi na watu waliowasimamia.

Je, tukiziunganisha mashine zote mbili? Hilo nalo limejaribiwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 96 ambao mikono yao ilikuwa dhaifu sana. Wote walifanya mazoezi kwa roboti kwa wiki sita. Wengine walipewa umeme wa kweli kichwani na wengine wa bandia. Umeme haukuongeza kitu.

Kifaa kimoja kimefanya vizuri zaidi. Hiki hakichochei ubongo moja kwa moja, bali neva ya vagasi inayopita shingoni. Mgonjwa hufanyiwa upasuaji, kifaa kikawekwa chini ya ngozi ya kifua na waya ukafika kwenye neva. Kila anapofanya tendo la mkono, mtaalamu hubonyeza na msukumo mfupi hupita. Jaribio la mwaka 2021 lilikuwa na wagonjwa 108 wa Uingereza na Marekani, wote wakiwa wamewekewa kifaa. Miezi mitatu baada ya wiki sita za mazoezi kituoni, asilimia 47 ya waliowashiwa kifaa walikuwa wamepata nafuu ya maana, na asilimia 24 ya ambao hawakuwashiwa. Mwaka huo huo kifaa kilipewa kibali Marekani. Tunafurahi kwa habari hii. Lakini angalieni: katika kila kipindi mgonjwa alirudia matendo zaidi ya 300. Kifaa kinasaidia mazoezi. Hakifanyi kazi mahali pa mazoezi, na kinahitaji daktari wa upasuaji.

Mazoezi bila mashine

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 222 wa Marekani, miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi. Kwa wiki mbili mkono mzima ulivikwa glovu nene karibu muda wote wa kuwa macho, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi, na kila siku ya juma walifanya mazoezi kwa saa nyingi. Walipata nafuu kuliko wa huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa awe tayari anaweza kuinua kifundo na vidole walau kidogo. Kwa asiyeweza kabisa, njia hii haifai.

Huko Kanada, mwaka 2009, wagonjwa 103 waliokuwa hospitalini walihusika katika jaribio la kitabu cha mazoezi na vifaa vya kawaida. Mtaalamu aliwafundisha na kuwafuatilia, lakini mazoezi waliyafanya wenyewe, na ndugu wakiwasaidia. Baada ya wiki nne mikono yao ilifanya kazi vizuri kuliko ya kundi la kulinganisha.

Onyo kutoka India

Mtu anaweza kusema, basi tuwafundishe ndugu, kazi imekwisha. Hapana. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14 za India. Nusu yao, ndugu zao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, asilimia 47 walikuwa wamefariki au wanategemea wengine, na ilikuwa vivyo hivyo kwa wale ambao ndugu zao hawakufundishwa.

Habari hii imetugusa, kwa sababu hata sisi tumewahi kufanya hivyo: kumfundisha mlezi mara moja au mbili, kumwachia karatasi yenye michoro, na kuandika katika taarifa kwamba familia imefundishwa. Mlezi huyo huyo anateka maji, analima na anawapeleka watoto shule. Karatasi inabaki chini ya godoro. Ndugu ni wa lazima, lakini hawawezi kubebeshwa peke yao kazi ya mtaalamu.

Jibu letu

Kwa hiyo, kwa kamati iliyouliza na kwa mfadhili wetu, jibu letu kwa sasa ni hapana. Hatutanunua roboti wala mashine ya kuchochea ubongo. Si kwa kudharau sayansi, bali kwa kuiheshimu. Fedha hiyo tunaomba ielekezwe kwenye mambo yafuatayo:

1. Mtaalamu wa fiziotherapia na nauli yake. Amfikie mgonjwa kila wiki katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho nafuu kubwa hupatikana. Tunajua nauli haikatiwi utepe wala kupigwa picha kama mashine mpya, lakini ndiyo inayomfikisha mtaalamu mlangoni.

2. Kikapu cha mazoezi. Kikombe cha plastiki, vibanio vya nguo, taulo, vifuniko vya chupa, bakuli na maharage makavu. Mtaalamu achague matendo matatu au manne ambayo mgonjwa mwenyewe anayataka, kwa mfano kufunga kanga, kushika jembe, kuinua kikombe.

3. Daftari la hesabu. Mgonjwa au mlezi aandike kila siku amerudia mara ngapi. Aanze na 20 kama ndizo anazoweza, kisha aongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Mjumbe wa jumuiya ndogondogo apite mara mbili kwa juma kuliangalia daftari na kumpumzisha mlezi kwa saa moja.

4. Glovu ya mkono mzima, kwa wale tu ambao mtaalamu amewapima na kuona kifundo na vidole vinasogea. Ivuliwe mgonjwa anaposhika fimbo ya kutembelea, anapokuwa karibu na moto, au anapobeba kitu cha moto.

5. Ulinzi wa bega. Asivutwe mkono dhaifu anapoinuliwa kitandani. Mkono uwekwe juu ya mto anapokaa au kulala. Bega likilegea au kuumia, mazoezi mengine yote yanakwama.

6. Dawa za presha. Aliyepata kiharusi kimoja yuko katika hatari ya kingine. Kipimo cha presha na dawa ya kila siku, hata anapojisikia mzima, vinaokoa zaidi kuliko mashine yoyote tuliyoitaja. Na mtu akipinda mdomo ghafla, akilegea mkono au akikwama kusema, apelekwe hospitali saa ile ile.

Tunawasihi pia mjihadhari na watu wanaopita wakiuza vifaa vya kutia umeme kichwani au mkononi wakiahidi kuponya kupooza. Hata mashine za kweli za sumaku hazitumiwi kwa kila mtu. Mwenye kifafa au chuma kichwani anaweza kudhurika. Familia isiuze mbuzi kwa ahadi hiyo.

Tuseme ukweli kwa mgonjwa

Jambo la mwisho ndilo gumu. Kuna mikono ambayo haitarudi, hata kwa mazoezi na glovu. Majaribio yote tuliyoyataja yana watu hao ndani yake, nao walijitahidi kama wengine. Tusiwaahidi tusichoweza, na wasipopona tusiwaambie kwamba walizembea. Kwao kazi yetu ni nyingine: kuzuia maumivu, kuwafundisha kuoga na kuvaa kwa mkono mmoja, na kuwarudisha katikati ya jumuiya, wawe katika kamati, kwaya na vikao kama zamani. Yule mtu wa katika Injili aliitwa katikati kabla mkono wake haujanyoka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo letu kuna watu wangapi waliopata kiharusi ndani ya mwaka mmoja uliopita? Nani ameshawatembelea?

2. Mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu yuko hospitali gani, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani?

3. Walezi wa wagonjwa hawa ni akina nani, na nani huwapumzisha?

4. Mwishoni mwa miezi mitatu tutajuaje kama tumesaidia? Tusiandike idadi ya mafunzo tu. Tuandike mgonjwa anaweza kufanya nini leo ambacho mwezi wa kwanza hakuweza.

5. Je, wapo wagonjwa tuliokwisha kuwaacha pembeni kwa kuwa mkono haukurudi? Tutawarudishaje?

Tunaomba kila kamati itutumie majibu ya swali la kwanza na la pili kabla ya toleo lijalo. Kwa majibu hayo tutapanga safari za wataalamu, na wafadhili wetu tutawaeleza nauli imetumikaje na ni vikombe vingapi vimeinuliwa.